Jinsi ya kuhudhuria tamasha la muziki wa klasiki kumbi zikiwa zimefungwa

Tarehe 12 Machi 2020 okestra ya Berliner Philharmoniker ilipiga Sinfonia ya Luciano Berio na Konserto kwa Okestra ya Béla Bartók mbele ya viti vitupu, Simon Rattle akiongoza. Siku hiyohiyo Metropolitan Opera ya New York ilifunga milango. Hazikupita siku nyingi, hazina ya rekodi za Berlin ikawa wazi bure kwa yeyote mwenye intaneti, na Metropolitan ikawa inatoa opera nzima kila usiku. Muziki ulikuwa mwingi kuliko tulivyowahi kuupata. Lakini waulize wapenzi wa muziki huu walisikiliza nini kati ya Machi na Juni mwaka ule, wengi watakutajia vipande: dakika kumi za hiki, robo ya kile, mara ujumbe ukaingia, mara sufuria ikaungua.

Mimi huimba sauti ya pili kwenye kwaya ya watu wazima, na kabla ya korona nilikuwa na kiti changu cha kila msimu: roshani, upande wa kushoto, pale mikono ya mpiga piano inapoonekana. Nimetafakari sana kilichopotea kumbi zilipofungwa, na sidhani kilikuwa muziki. Kilichopotea ni kulazimika. Ukumbini huwezi kuinuka katikati ya adajio, ile sehemu ya polepole, bila safu nzima kukukodolea macho. Huwezi kurudisha nyuma, huwezi kupunguza sauti, huwezi kuchungulia simu (unaweza, ila utaonwa). Umebanwa, basi unasikiliza. Mwongozo huu ni wa kujibana mwenyewe. Nimeuandika kwa atakayekosa ukumbi tena, iwe kwa janga jingine, kwa kuuguza mtu, au kwa mwili wake kukataa kutoka.

Anza na saa, si na muziki

Usianze kwa kujiuliza "nisikilize nini leo?" Swali hilo lina majibu mengi mno, litakumalizia jioni. Amua kwanza siku na saa, iandike pale unapoandika miadi ya daktari, na uwaambie unaoishi nao. Saa ikifika unaanza, hata kama nguo hujamaliza kuzipiga pasi.

Mpiga piano Igor Levit alilielewa hili mapema kuliko taasisi nyingi. Kuanzia 12 Machi 2020 alikaa nyumbani kwake Berlin saa moja jioni, akapiga mbele ya kamera moja, na watu wakazoea kwamba saa moja ni saa ya Levit. Alianza na sonata ya Beethoven iitwayo Waldstein, na kabla hajamaliza alikuwa amefanya matamasha zaidi ya 50 ya namna hiyo. Sauti haikuwa nzuri. Picha ndiyo usiseme. Lakini jambo lilikuwa linatokea wakati huohuo unapolisikia, akikosea amekosea, na wewe ukichelewa mwanzo umekupita. Tamasha lile la sauti mbovu lilinikalisha kitini kuliko rekodi nyingi safi.

Metropolitan nao walikuwa na njia yao. Kila opera iliwekwa saa moja na nusu usiku kwa saa za New York, na kuondolewa saa kumi na mbili na nusu jioni ya kesho yake. Saa 23, basi. Sijui kama walikusudia kutufunza adabu ya usikilizaji, lakini kule kuondolewa ndiko kulikonifanya nifike kitendo cha mwisho cha opera ambazo ningeziahirisha hadi leo.

Kwa hiyo panga vyanzo vyako hivi: kinachorushwa mubashara kwanza, kitakachoondolewa kifuate, na rekodi inayokaa milele iwe ya mwisho. Ukiwa na rekodi tu, tafuta shahidi. Shahidi wangu alikuwa shangazi, mwalimu wa piano aliyestaafu. Tulipigiana simu dakika mbili kabla ya saa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umefunga mlango?"

"Nimefunga."

"Haya. Moja, mbili, tatu."

Tunakata simu, kila mmoja anabonyeza kwake. Msiache simu wazi. Anayejua kwamba upo upande wa pili ataanza kuchombeza neno, nawe utamjibu, na sehemu ya pili ya kwarteti, muziki wa wapigaji wanne, itakuwa imekwenda. Mazungumzo ni baada ya nota ya mwisho, na kwa hilo shangazi alikuwa mkali kuliko mhudumu yeyote wa mlangoni. Kuna siku intaneti yangu ilikwama katikati, nikampigia. Hakupokea.

Kiti, spika, simu

Kaa kwenye kiti cha kukufanya ukae wima. Kitanda hapana. Zima taa ya juu, bakiza moja pembeni. Simu iende chumba kingine, na kama simu yenyewe ndiyo chanzo cha muziki, zima taarifa zote, iunganishe na spika na uilaze kifudifudi.

Kompyuta mpakato ina spika za kutosha kusikilizia habari, si okestra. Uzi wa chini kabisa wa besi kubwa la okestra hutikisika takriban mara 41 kwa sekunde, na spika zile ndogo hazifiki huko. Unachosikia ni mabaki ya juu ya sauti ile, mengine ubongo unajijazia wenyewe, na simfoni nzima inakuwa imekatwa miguu. Hedifoni za waya, hata za kawaida tu, ni bora mara nyingi zaidi. Ukiwa na spika mbili, zitenganishe, kisha ukae mahali ambapo umbali wako na kila spika unalingana na umbali kati ya zenyewe.

Tabu kubwa iko kwenye kiwango cha sauti. Muziki huu una nafasi pana kati ya mnong'ono na kishindo, na ndipo wengi wanaposhindwa wakiwa nyumbani: kishindo kinakuja, unapunguza usiwaudhi majirani, mnong'ono unakuja, husikii, unaongeza, kishindo kinarudi, unakimbilia kitufe. Ukumbini hakuna kitufe. Kabla ya kuanza, tafuta mahali patulivu kuliko pote katika kazi utakayoisikiliza, weka sauti kiasi cha kukufanya utege sikio kidogo tu, halafu usiguse tena. Kishindo kikija, kije. Kama majirani hawatavumilia, huo ndio wakati wa hedifoni. Na runinga nyingi zina mpangilio wa usiku unaosawazisha sauti kubwa na ndogo. Uzime. Unafaa kwa filamu, Schubert unamuua.

Kuhusu picha nina msimamo ambao hata shangazi hakuupenda. Ukumbini ni wewe unayechagua pa kutazama, unaweza kumkodolea mpiga viola wa nyuma kabisa jioni nzima ukitaka. Kwenye matangazo anachagua mwelekezi wa kamera, na karibu kila mara atakuonyesha ala inayobeba wimbo mkuu. Masikio hufuata macho, na yote yanayoendelea chini ya wimbo huo yanakupita. Tazama dakika chache za kwanza, ujue nani amekaa wapi, kisha geuza skrini ielekee ukutani. Opera peke yake uiachie picha yake, maana bila maandishi ya tafsiri utapotea.

Chagua kilichoandikwa kwa ajili ya wachache

Mwaka 2020 ulikuwa wa 250 tangu kuzaliwa kwa Beethoven, na simfoni zake tisa zilikuwa zimepangwa kila mahali. Zilipofutwa, watu walizifuata kwenye rekodi. Nasema ziache kwanza. Simfoni ya tisa na kwaya yake ni muziki wa watu kujaa. Ukiisikiliza peke yako sebuleni kinachosikika zaidi ni upweke wako. Simfoni namba 8 ya Mahler, ambayo ilipopigwa mara ya kwanza Munich mwaka 1910 ilikuwa na wapigaji na waimbaji zaidi ya 1,000, usiiguse kabisa.

Wenyewe wa Berlin walitoa mfano mzuri. Tarehe 1 Mei 2020 walifanya tamasha katika ukumbi wao, Philharmonie, ukiwa mtupu, Kirill Petrenko akiongoza kundi dogo, kila mpigaji mbali na mwenzake, ala za kupuliza zikitengwa zaidi kuliko za nyuzi. Kazi kuu ilikuwa simfoni namba 4 ya Mahler, sehemu ya mwisho ikiimbwa na Christiane Karg. Mahler aliiandika kwa okestra kubwa, lakini wao walitumia mpangilio wa Erwin Stein wa mwaka 1921: mpigaji mmoja kwa kila sauti ya nyuzi, ala tatu za kupuliza, vyombo vya kugonga, na piano pamoja na harimoni (kinanda cha upepo) zikiziba nafasi za wasiokuwapo.

Mpangilio ule una historia inayofaa kujulikana. Mwishoni mwa 1918 Arnold Schoenberg alianzisha Vienna jumuiya ya maonyesho ya faragha ya muziki mpya. Vita vilikuwa vimekwisha, fedha hakuna, okestra kamili ni ndoto. Yeye na wanafunzi wake wakawa wanazipunguza kazi kubwa ziingie chumbani, na Stein alikuwa mmoja wao. Sikiliza mpangilio huo hata kama unaijua simfoni yenyewe kwa moyo. Kwenye okestra kubwa violini za pili ni ukungu mtamu. Hapa ni mtu mmoja, unamsikia akivuta pumzi kabla ya kuingia. Kwa sisi wa sauti ya pili, tuliozoea kuwa ukungu huo, hili si jambo dogo.

Mwaka huohuo wa 1918 Igor Stravinsky alikuwa Uswisi, naye akaandika hadithi ya askari anayemuuzia shetani violini yake, kwa ala saba tu na wasimulizi, ili kikundi kidogo kiweze kuzunguka nayo mji kwa mji. Ilionyeshwa Lausanne tarehe 28 Septemba 1918. Safari iliyokuwa ifuate haikufanyika: homa ya mafua ya mwaka ule ilikuwa imeingia, na kumbi zikafungwa. Nilipolijua hili nilicheka peke yangu. Kazi iliyoandikwa kukwepa ukata ikanaswa na janga, kisha baada ya miaka mia na ushee, wakati wa janga jingine, ikawa miongoni mwa kazi rahisi kupiga kwa sababu inahitaji watu wachache.

Kwa anayeanza, suiti za Bach kwa chelo pekee. Mtu mmoja, ala moja, hakuna chochote cha kupotea kwenye spika. Anza na ya kwanza, inakwisha kabla dakika 20 hazijatimia. Ukishazoea kukaa, nenda kwenye kwinteti ya nyuzi ya Schubert ya mwaka 1828, ya wapigaji watano, yenye chelo mbili badala ya moja. Sehemu yake ya pili huenda polepole kiasi kwamba nyumbani, ukiwa na kitufe mkononi, utashawishika kudhani picha imekwama. Haijakwama.

Halafu kuna kwarteti ya Beethoven opus 132. Mwaka 1825 aliugua vibaya, akapona, na sehemu ya tatu ya kwarteti hiyo akaipa jina la wimbo mtakatifu wa shukrani kwa Mungu kutoka kwa aliyepona. Peke yake huchukua robo saa au zaidi. Inaanza kama zaburi, nota ndefu, karibu hakuna mtikisiko. Kisha unaingia mwendo mwepesi ambao mwenyewe aliuandikia kwamba mtu anahisi nguvu mpya. Watu wengi hutegemea kwamba hapo ndipo wimbo umepata njia, nguvu zitaendelea hadi mwisho. Haziendelei. Zaburi inarudi, imebadilika kidogo. Nguvu zinarudi tena. Kisha zaburi mara ya tatu. Shangazi aliugua korona mwanzoni mwa 2021, na alipoanza kuweza kukaa kitini aliniomba tusikilize hii, hakutaka kitu chenye tarumbeta. Tulipopigiana simu baadaye aliniambia, "Huyu alijua kwamba kupona si siku moja." Yeye mwenyewe alikuwa bado anapumzika kila akipanda ngazi.

Urefu wa jioni uwe dakika 60, au 70 ukizidi, bila mapumziko. Wigmore Hall ya London iliporudi hewani tarehe 1 Juni 2020 ilifanya hivyo: Stephen Hough peke yake na piano, mchana, ukumbi mtupu, akianza na Chaconne ya Bach kwa mpangilio wa Busoni, kisha Fantasia ya Schumann, na BBC Radio 3 ikirusha mubashara. Saa moja, imekwisha. Tamasha la Salzburg la Agosti mwaka ule, lililokuwa na watazamaji kwa masharti, nalo liliondoa mapumziko. Wao waliogopa msongamano wa ukumbi wa nje. Wewe uogope jikoni: ukinyanyuka nyumbani katikati ya tamasha, hurudi.

Baada ya nota ya mwisho

Zima mpangilio unaoanzisha video inayofuata yenyewe. Fanya hivyo mapema, kabla ya tamasha. Hakuna kitu kibaya kama zaburi ile ya Beethoven kuishia kwenye tangazo la sabuni.

Tarehe 1 Januari 2021, katika Ukumbi wa Dhahabu wa Musikverein, Vienna, Riccardo Muti aliongoza tamasha la mwaka mpya bila watazamaji, na makofi ya watu waliojiandikisha kutoka majumbani yakaingizwa ukumbini kupitia spika. Naelewa nia. Kwangu yalisikika ya mbali mno, na nikatamani wangeuacha ule ukimya uwe kama ulivyo. Katika jumuiya ile ya Schoenberg kupiga makofi kulikatazwa kabisa. Na tarehe 31 Oktoba 2020, siku chache kabla kumbi za Ujerumani hazijafungwa tena, Petrenko na okestra yake walimalizia tamasha lao kwa kazi ya John Cage ya mwaka 1952 ambayo wapigaji hawapigi nota hata moja kwa dakika nne na sekunde 33.

Ushauri wangu ni mfupi: usipige makofi nyumbani, usiinuke, usiseme. Kaa hadi uanze kusikia chumba chenyewe. Kisha mpigie shahidi wako.

Kama wewe unaimba

Hapa maelezo yanabadilika, kwa sababu msikilizaji alikosa raha, mwimbaji aliweza kukosa uhai. Tarehe 10 Machi 2020 kwaya moja ya jimbo la Washington, Marekani, ilifanya mazoezi ya saa mbili na nusu. Walikuwa watu 61, mmoja wao akiwa tayari na dalili. Wengine 52 walihesabiwa kuwa wameambukizwa, wenye vipimo na wenye dalili kwa pamoja, na 2 walifariki. Kila mwanakwaya niliyemjua aliisoma taarifa ile akijihesabu: tulikaa vipi, nani alikuwa nyuma yangu, madirisha yalikuwa wazi?

Baadaye mwaka ule watafiti wa Bristol, Uingereza, walipima chembe zinazotoka kinywani na kukuta kwamba kuimba hakutofautiani sana na kusema ikiwa ukubwa wa sauti ni uleule. Kinachozidisha chembe ni sauti kubwa. Basi mkilazimika kufanya mazoezi ndani, imbeni kwa sauti ndogo, tena muda mfupi: nusu saa, kisha wote mtoke nje na chumba kibadilishe hewa. Kipimo cha kaboni dioksidi ni msaada mzuri. Hewa ya nje ina takriban sehemu 420 kwa milioni, na ndani ikikaribia 1,000 ujue mnavuta pumzi za wenzenu. Fungueni, au mwende nyumbani. Nje ni bora siku zote. Kuna kwaya zilizoimba kila mtu ndani ya gari lake na maikrofoni yake, wakisikilizana kupitia redio za magari, na waliojaribu wanasema inawezekana kabisa.

Mtandaoni, kwanza kubali jambo hili: hamtaimba pamoja kwenye simu ya video ya kawaida. Sauti hewani husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, hivyo mwenzako aliye umbali wa mita 10 unamsikia kwa kuchelewa milisekunde 30 hivi, na hapo ndipo kwaya huanza kuvutana. Simu ya video huchelewa zaidi ya mara tatu ya hapo. Si kasi ya intaneti yako wala uzembe wa mwenyekiti. Zipo programu zilizotengenezwa kupunguza ucheleweshaji, kama JackTrip iliyotoka Chuo Kikuu cha Stanford, na Jamulus, lakini zinahitaji intaneti ya waya badala ya waifai, hedifoni za waya, na uvumilivu ambao sauti ya nne ya kwaya yetu hawakuwa nao.

Kwa hiyo kiongozi apige piano kwake, wengine wote wazime maikrofoni na kuimba. Hutamsikia yeyote ila piano na wewe. Wengi waliona huu ni ukiwa. Mimi nadhani ndiyo faida pekee ya kweli ya kipindi kile. Ukiwa sauti ya pili unajifunza kujiegemeza kwa jirani anayejua, miaka hupita hakuna aliyegundua. Peke yako na piano, hakuna jirani. Programu nyingi za simu za video huidhania nota ndefu kuwa kelele na kuifuta, kwa hiyo anayepiga piano atafute mpangilio wa sauti halisi. Kwenye Zoom upo.

Mkitaka kutengeneza video ya pamoja, kila mmoja ajirekodi akisikiliza wimbo mwongozo kwenye sikio moja, sikio la pili liwe wazi. Mwongozo uwe na hesabu kabla ya kuanza na sauti ya mtu akivuta pumzi mahali pa pumzi. Rekodini chumba chenye mapazia na nguo, si bafuni, hata kama bafuni unajisikia malaika. Majaribio matatu yanatosha. La kumi huwa limekufa. Na kubalianeni mapema nani atatamka konsonanti za mwisho. Watu thelathini wakimalizia "s" kila mmoja kwa wakati wake, mtasikika mkifukuza nyoka. Apewe mtu mmoja kwa kila sauti, wengine waiache vokali izime.

Tiketi zilizofutwa

Tamasha likifutwa, kwa kawaida unapewa njia tatu: urudishiwe pesa, upewe tiketi ya baadaye, au uiache pesa iwe mchango. Mwenye uwezo aiache. Wapigaji wengi hulipwa kwa onyesho, likifutwa hakuna malipo. Katika miezi ile ya opera za bure za kila usiku, wapigaji na waimbaji wa Metropolitan walikaa karibu mwaka mzima bila mishahara. Unapobonyeza kitu cha bure, angalia kama kuna mahali pa kuchangia, na uchangie kabla ya kuanza, kwa sababu baada ya mwisho umeshapitiwa.

Kurudi

Tarehe 22 Juni 2020 jumba la opera la Liceu, Barcelona, lilifunguliwa kwa mimea 2,292, kila mmoja kwenye kiti chake, na kwarteti ya UceLi ikaipigia Crisantemi ya Puccini. Kisha mimea ikagawiwa wahudumu wa afya. Wapo waliocheka. Mimi niliwaonea wivu wapigaji wale: mimea haikohoi.

Binadamu waliorudi mapema walikuwa wachache mno. Mwanzoni mwa Juni 2020 Vienna Philharmonic walipiga Mozart na Beethoven chini ya Daniel Barenboim mbele ya watu 100, katika ukumbi wenye nafasi ya mamia mengi. Ukirudi ukumbini baada ya muda mrefu, wewe pia rudi kwa kipimo. Usianze na Wagner na opera zake ndefu. Chagua tamasha la saa moja, kiti cha pembeni karibu na njia, ukijua kwamba unaweza kutoka; kwa kujua hivyo utashangaa huhitaji. Fika mapema ukae tu, mwili uzoee kuwa na mabega ya watu karibu. Kama bado unavaa barakoa, vaa ya kitambaa laini isiyokwaruza kila unapogeuza kichwa, na miwani uifute kabla, si wakati violini inapoanza peke yake.

Sauti itakushangaza zaidi kuliko watu. Baada ya miezi ya spika, okestra halisi inasikika ndogo kwa dakika chache za kwanza, kwa sababu umezoea maikrofoni iliyowekwa hatua mbili kutoka kwenye chelo. Usikate tamaa wala usiinamie mbele. Subiri hadi sehemu ya kwanza iishe.

Na ukiamka siku hiyo na kikohozi, mpe mtu mwingine tiketi. Mwambie asubuhi, apate muda wa kupanga usafiri.